Kumhasi mbwa au kumwacha: namna ninavyoamua

Mtu akipata mbwa mpya mtaani kwetu Goba, Dar es Salaam, haipiti muda atauliza: huyu nimhasi au nimwache? Nimefuga mbwa kwa miaka mingi, madume kwa majike, na nimewasindikiza kadhaa mpaka mezani kwa daktari wa mifugo. Ushauri wangu kwa jike na kwa dume haufanani hata kidogo, kwa hiyo nitawasema mmoja mmoja.

Jike ambaye hukukusudia azae, mtoe kizazi. Hapo sina kigugumizi.

Jike hupata joto, yaani msimu wake wa kupandwa, kila baada ya miezi sita au saba hivi, na joto lenyewe huchukua kama wiki tatu. Siku za mwanzo utaona uke umevimba na matone ya damu sakafuni, lakini madume anawafukuza kwa meno. Damu ikianza kupauka na kupungua, wenye mbwa wengi hushusha pumzi wakidhani mambo yameisha, kumbe ndiyo kwanza anaanza kukubali kupandwa. Na mitaa yetu tunaijua. Geti linafunguliwa mara bodaboda, mara muuza maji, mara watoto wanarudi shule. Ukitoka alfajiri unakuta madume wamelala kando ya ukuta, mmoja amechimba chini ya geti mpaka mabega yamepita, mwingine sikio limechanika kwa kupigana usiku kucha. Hujui wametoka wapi wala kama wamewahi kuchanjwa kichaa cha mbwa.

Mimba ni siku 63 hivi. Watoto wakizaliwa, madume wanapata watu wa kuwafuga haraka kwa sababu watu wanatafuta mlinzi. Majike ndio wanaobaki, na ndio wanaotupwa jalalani wakiwa ndani ya mfuko wa salfeti. Malkia, jike niliye naye leo, aliokotwa hivyo, macho hayajafunguka vizuri. Kwa hiyo anayeniambia "mwache azae mara moja tu, ni afya yake", huwa namuuliza kwanza watoto wa kike atawapeleka kwa nani. Kuhusu afya, hakuna ushahidi kwamba kuzaa mara moja kunamfaidi mbwa chochote.

Kinachomdhuru nakijua, na kinaitwa usaha wa kizazi. Baada ya kila joto, awe amepandwa au hakupandwa, homoni hukiandaa kizazi kana kwamba kuna mimba, na bakteria wakishaingia wanakuta pa kustawi. Ugonjwa hujitokeza mara nyingi mwezi mmoja au miwili baada ya joto: mbwa anakunywa maji kupita kawaida, anakojoa sana, anasusa chakula, anatapika, tumbo linajaa. Wengine wanatoa usaha ukeni, wengine mlango wa kizazi unakuwa umefunga na huoni kitu nje, na hao ndio wanaokufa haraka. Sweden, ambako mbwa wengi wana bima na magonjwa yao huwekwa kwenye kumbukumbu, watafiti walikuta karibu robo ya majike wasiotolewa kizazi wanaupata kabla ya kufikisha miaka 10. Tiba yake ya uhakika ni kukitoa kizazi hichohicho, safari hii kwa mbwa aliyedhoofika, usiku, na kwa pesa nyingi zaidi.

Niseme na hili kwa sababu linafanyika sana: sindano ya kuzuia joto. Ni rahisi, inachomwa dakika moja, na ndiyo sababu watu wanaipenda. Lakini ni homoni ileile inayokiandaa kizazi kupokea usaha, na inaongeza pia hatari ya uvimbe wa matiti. Mimi simchomi mbwa wangu.

Madhara ya kutoa kizazi yapo na uyajue. Baadhi ya majike, hasa wenye miili mikubwa, huja kuvuja mkojo wakiwa wamelala, miezi au miaka baada ya upasuaji. Hilo lina dawa. Wengi pia hunenepa, maana mwili unahitaji chakula kidogo kuliko zamani huku hamu ya kula ikipanda. Punguza ugali kama robo, dagaa na nyama uache palepale, umtembeze. Kuhusu wakati, kwa mbwa wetu wa kienyeji mimi huchagua karibu na miezi sita, kabla ya joto la kwanza. Akishaingia joto, subiri miezi miwili au mitatu baada ya kuisha. Wakati wa joto mishipa ya kizazi imejaa damu na upasuaji unakuwa wa hatari zaidi.

Kwa dume ndipo ninapotulia na kufikiri.

Hofu kubwa ya wenye madume ni kwamba akihasiwa hatalinda tena. Shaba wangu amehasiwa na hakuna fundi bomba anayeingia getini bila mimi kutoka. Kubwekea wageni na kulinda eneo havitoki kwenye korodani peke yake. Vinatoka kwenye tabia ya mbwa, malezi, na kujiona kuwa hapa ni kwake. Kinachopungua kwa wengi ni kutoroka kufuata majike, kukojolea kila kona, na ugomvi na madume wenzake. Ila kama mbwa wako anang'ata kwa sababu ya woga, usitegemee kisu kitamponya. Wengine woga huzidi baada ya kuhasiwa, na huyo anahitaji kufundishwa kwanza.

Jambo la pili ni mifupa. Homoni za dume husaidia mifupa kujua wakati wa kuacha kurefuka. Ukimhasi mapema mbwa wa mbegu kubwa, mifupa inaendelea kurefuka na viungo vinabeba mzigo ambao havikuandaliwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichapisha mwaka 2016 rekodi za mbwa aina ya German Shepherd: madume waliohasiwa kabla ya mwaka mmoja, asilimia 21 walipata matatizo ya viungo kama kuchanika kwa kano ya goti, ilhali kwa wasiohasiwa ilikuwa asilimia 7. Tofauti hiyo ni kubwa mno kuipuuza. Shaba ana damu ya German Shepherd, nikangoja mpaka alipopita mwaka mmoja na nusu. Dume wa kienyeji mwenye mwili mdogo sina sababu ya kumngojea hivyo.

Kwa nini basi nilimhasi Shaba? Kwa sababu alianza kuruka ukuta, na mitaani kuna saratani inayoambukizwa kwa kupandana. Si maneno ya kutisha watu, ni ugonjwa wa kweli na kwetu Afrika Mashariki unaonekana sana. Seli za uvimbe zenyewe zinahama kutoka mbwa mmoja kwenda kwa mwingine wakipandana au wakirambana. Dume wa jirani yangu alianza kwa matone ya damu kwenye uume, watu wakadhani ni mkojo wenye damu. Daktari alipoivuta ngozi nyuma tukaona nyama imechipua kama ua la koliflawa, nyekundu, ikiguswa tu inavuja. Habari njema ni kwamba hutibika, kwa sindano ya vinkristini, dawa ya saratani, kila wiki kwa wiki kadhaa, na yule alipona. Ila dawa ni kali na haishikwi ovyo.

Kuna dume mmoja ambaye sina mjadala naye: yule ambaye korodani moja haikushuka. Iliyobaki tumboni ina hatari kubwa zaidi ya kugeuka uvimbe, na mbwa huyo huirithisha kasoro hiyo. Mhasi, na uhakikishe iliyojificha imetafutwa na kutolewa.

Sasa niseme ninalolisisitiza kuliko yote hayo, mkono wa nani unakata. Tafuta daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari. Bado kuna watu wanamwangusha mbwa chini, wanne wanamshika, wa tano ana wembe. Huo ni ukatili, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 haiko upande wao. Mbwa anatakiwa apigwe nusu kaputi na apewe dawa ya maumivu ya siku kadhaa. Uliza mapema kama dawa ya maumivu imo kwenye bei, maana wapo wanaoiacha. Usimpe vidonge vyako vya nyumbani, ibuprofeni inaharibu tumbo na figo za mbwa.

Kabla ya siku yenyewe, mwombe daktari apime damu, au angalau amkague mbwa vizuri kwa homa ya kupe. Huku kwetu kupe ni wengi, na mbwa anaweza kuonekana mzima huku chembe za kugandisha damu zimeshuka. Huyo akipasuliwa anavuja bila kukoma. Fizi zikiwa zimepauka, ahirisha, atibiwe kwanza. Usiku wa kuamkia upasuaji asile, kwa sababu dawa za usingizi zinazotumika sana zinatapisha, na matapishi yakiingia kwenye mapafu yanaua.

Akirudi nyumbani mlaze ndani, mahali pakavu. Nzi wakitaga kwenye mshono utajuta. Mvishe kola ya plastiki asilambe mshono, na kama anaikataa, fulana kuukuu iliyofungwa mgongoni inafaa kwa jike. Nyuzi hutolewa kati ya siku 10 na 14. Mshono ukifunguka, ukinuka, au fizi zikiwa nyeupe usiku uleule, mpigie daktari saa hiyohiyo. Dume naye asikaribie majike kwa wiki kadhaa, bado anaweza kutia mimba.

Wapo wanaoniambia kuhasi ni kuingilia kazi ya Mungu. Silibishi, kila mtu ana dhamiri yake. Ukiamua kumwacha jike wako alivyo, basi andaa chumba chenye mlango wa kufunga kwa wiki tatu za kila joto, mtoe kwa kamba na wewe mwenyewe umeishika, andika tarehe joto lilipoanza, na kwa miezi miwili inayofuata uangalie bakuli lake la maji linavyoisha.