Amrit si ya kumridhisha mama mkwe

Dada, umeuliza kama upokee amrit (maji matamu ya ibada ya kujiunga rasmi na dini ya Sikh) sikukuu hii ya Vaisakhi kwa kuwa mama mkwe anakusukuma, ilhali nywele bado unapunguza saluni. Kwa maoni yangu, subiri. Vaisakhi ni kumbukumbu ya 1699 kule Anandpur, India, Guru Gobind Singh, kiongozi wa Wasikh, alipowapa amrit wale Wapendwa Watano, watu wa kwanza kuipokea, lakini sherehe ya amrit yaweza kufanyika siku yoyote gurdwara (hekalu la Wasikh) ikiipanga.

Anza na yale magumu. Mkasi uweke kando, maana aliyepokea amrit hakati nywele. Amka kabla ya alfajiri usome sala zako, kisha sala ya Rehras jioni na ile ya Sohila ukienda kulala. Ukizimudu miezi kadhaa utajijua. Kara (bangili ya chuma) na kirpan (kisu cha kidini) kuvaa si kazi. Hapo Nairobi mtihani ni nyama: aliyepokea amrit hali nyama iliyochinjwa kwa taratibu za halali, na bucha nyingi huuza hiyo hiyo. Tumbaku, hapana kabisa.

Kabla ya kukubali, muulize giani, mwalimu wa dini wa gurdwara, kila sharti. Na mama mkwe, acha mumeo azungumze naye.