Kwa mnaoanza kubabua makongoro Mwanza, tairi iacheni

Wadogo zangu, ukianza kazi ya kubabua huku kwetu, yaani kuunguza manyoya ya miguu ya ng'ombe kwa moto, kitu cha kwanza utakachoonyeshwa ni kipande cha tairi. Na kweli inawaka fasta, moto mkali, manyoya yanaisha muda huohuo na kwato ukiigonga kidogo inachomoka, wakati kuni za masika zinakuzingua tu, ndo maana siwalaumu, hata mimi nimebabulia tairi karibu miaka miwili.

Kilichonitoa ni sufuria. Siku hiyo nimeosha makongoro mara tatu, nimekwangua kwa kisu mpaka ngozi imekuwa ya njano safi, nikachemsha, mafuta yalipopanda juu nikachota na upawa nikanusa, raba tupu. Nikaweka limao, nikaongeza tangawizi, wapi.

Baadaye ndo nikaelewa, masizi unakwangua lakini zile kemikali za moshi zinapenda mafuta, na kongoro si unalijua lilivyo. Mojawapo ni benzopairini, WHO kupitia taasisi yao ya saratani wameiweka kundi la 1, yaani imethibitika inaleta saratani kwa binadamu, ipo hata kwenye moshi wa sigara. Halafu kuna metali. Chokonoa majivu asubuhi utakuta waya zimejisokota kama nywele, na ndani ya raba kuna zinki, na metali hata uchemshe mpaka kesho haiishi. Ghana na Nigeria kule ambako ngozi ya ng'ombe ni kitoweo (Wanigeria wanaiita ponmo) watafiti walipima zilizobabuliwa kwa tairi wakakuta mpaka madini ya risasi na kadimiamu, metali zenye sumu. Na wewe mbabuaji unauvuta huo moshi kutwa nzima, tema mate jioni uone rangi yake.

Sasa fanya hivi, chovya kwenye maji ya moto ila yasitokote, yakitokota ngozi inaiva na manyoya yanagoma kutoka, hapo ndo wageni wengi wanakosea. Kwangua, malizia kwa gesi au kuni kavu. Kuni sio zile mbao za mitumbwi chakavu za ziwani, zina rangi na lami, ni tairi kwa jina lingine, na moto usiuwashe kwa rambo.

Mama ntilie wengine watakwambia kongoro lako jeupe sana, halijababuliwa. Mimi huwa nampa moja bure akachemshe, kesho yake anunue au asinunue. Mtungi wa gesi tunachangia wawili.