Majani Yanayong'aa: Sogea Kwanza, Filta Baadaye

Mwaka wangu wa kwanza nilipiga picha za mibuni kama arobaini, saa sita mchana, nikampelekea bwana shamba atazame ugonjwa. Akanijibu, "Mwanangu, hapa naona jua tu." Majani yalikuwa na madoa ya njano ya kutu, lakini kwenye picha madoa yote yalikuwa yamemezwa na weupe.

Jani la mbuni lina nta juu yake, kama la mkarafuu au mwembe. Ule weupe si rangi ya jani. Ni jua au anga inayojitazama humo kama kwenye kioo. Ndiyo maana hata siku ya mawingu, jua likiwa limejificha kabisa, majani bado hupauka: yanaakisi anga lote jeupe. Shika kikonyo, geuza jani taratibu huku unatazama skrini. Kuna mahali weupe unahama na kijani kinarudi ghafla. Kama mti ni mrefu, basi zunguka wewe, hatua mbili kushoto, au chuchumaa. Flashi zima.

Mtaambiwa mtumie mwavuli mweupe. Unasaidia kutuliza jua kali, sikatai, ila jani litauakisi mwavuli wenyewe, na badala ya doa linalochoma macho utapata utando kama wa maziwa. Mimi natembea na kipande cha buibui kuukuu la mama. Mwenzangu anakitandaza upande ule mng'ao unakotokea. Jani linaakisi weusi, na mishipa yote inaonekana. Kitambaa hicho kimenisaidia kuliko vifaa vingi nilivyonunua.

Filta ya polaraiza, kile kioo cha kukata mwanga unaoakisiwa, inakuja baada ya hapo. Ifunge kwenye lenzi, izungushe mpaka mng'ao upungue. Inafanya kazi vizuri zaidi ukilitazama jani kwa mshazari, kama nyuzi 35 kutoka usawa wa jani. Ukilipiga kutoka juu wima, utazungusha bure. Inakula mwanga pia, karibu stopu moja na nusu hadi mbili, na kila stopu ni kupunguza mwanga kwa nusu. Uliyekuwa unapiga kwa 1/250 ya sekunde unaweza kujikuta kwenye 1/60, na upepo mdogo tu picha ya jani inatoka imetikisika. Ongeza ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, au subiri upepo utulie.

Wa simu, chukua miwani ya jua ya polaraiza, weka kioo chake mbele ya lenzi, zungusha. Miwani mingi ya barabarani ni rangi nyeusi tu, kwa hiyo ijaribu kabla ya kulipa: tazama skrini ya kikokotoo kupitia kioo huku unakizungusha. Skrini ikiingia giza, ni yenyewe.

Halafu gusa sehemu inayong'aa zaidi kwenye skrini, ushushe mwanga kidogo. Picha yenye giza kidogo inarekebishika, lakini sehemu iliyoungua kwa weupe haina kitu cha kurudisha. Ila usiumalize mng'ao wote. Jani la mkarafuu lisilong'aa hata chembe hufanana na plastiki, na mkulima atakuuliza mti wake una nini.

Kwa wanaofuatilia kutu ya mbuni: ule unga wa rangi ya chungwa uko upande wa chini, ambako jani haling'ai sana. Ligeuze, upige pande zote mbili.