Watu walijaa, wakapiga makofi, kisha binti akaozwa

SWALI: Habari za kazi dada. Sisi ni vijana 12, tumeamua kufufua ngoma na maigizo ya wazee wetu kijijini ili tuongelee mabinti wanaokatishwa shule na kuozwa. Mchezo wa kwanza watu walijaa, wakacheka, wakapiga makofi, wakaenda makwao, na miezi 2 haijaisha binti mwingine kaozwa. Tumekosea wapi?

JIBU: Wadogo zangu poleni, najua inavyouma. Ila nikisoma barua yenu naona mmetunga nyie, mmeigiza nyie na jibu mmelitoa nyie, sasa mtazamaji kabakiwa na kazi gani zaidi ya kupiga makofi?

Anzeni kwa mabibi wanaozijua nyimbo. Msirekodi kwenye simu mkaondoka, imbeni nao mpaka wawakosoe. Kuna bibi mmoja alitusikiliza weee, akachukua ngoma akaisogeza motoni mpaka ngozi ikakaza, akapiga polepole, akatuambia huu ni wimbo wa kumlilia binti anayeondoka, mbona nyie mnauimba kama mnashangilia? Igizo lote tulilipangua siku ileile.

Kule kijijini Kamiriithu, Kenya, mwaka 1977, Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii waliandika mchezo kwa Kikuyu lakini mazoezi yalikuwa hadharani, wakulima na vibarua wanasahihisha, mara mzee haongei hivyo, mara wimbo ule hauimbwi hivyo, mpaka mchezo ukawa wao kabisa. Serikali iliupiga marufuku mwaka huohuo, na 1982 jukwaa walilojijengea likabomolewa.

Halafu mwisho wenu ubadilisheni. Augusto Boal, mwongozaji wa maigizo wa Brazili, alikuwa na njia naipenda sana: mnaigiza mpaka mwisho mbaya, binti anaozwa, kisha mnarudia tangu mwanzo na mtu yeyote anaweza kusema simama, akaingia yeye badala ya binti au mama yake akajaribu anavyoona inafaa. Mtu akitaka baba abadilike ghafla awe mwema mkatalieni kwa upole, nyumbani baba habadiliki hivyo, aigizwe na ukali wake wote na ile mahari anayoihesabu, ndo watu watatafuta njia ya kweli, mmoja atamkumbuka mjomba anayesikilizwa, mwingine mwalimu, mwingine atasema wanawake twendeni wote pamoja.

Na tafadhali sana, msiige nyumba inayojulikana, hata jina mkibadilisha watu watajua tu, na atakayepigwa usiku ule ni binti wa humo.

Ngoma ikinyamaza msiwaache watawanyike. Kaeni palepale muulizane nani ataenda kuongea na wazazi, lini, na nani wa kumsindikiza. Andikeni majina. Mkirudi mwezi unaofuata, kabla hamjaimba chochote, waiteni hao waeleze wamefikia wapi.