Kushtakiwa kwa Kuendesha Ukiwa Umelewa: Maswali ya Wasomaji

Swali (Chake Chake): Mdogo wangu amekamatwa na trafiki usiku, akidaiwa kuendesha pikipiki hali amelewa. Jamaa yetu wa Dar es Salaam anatwambia tusome Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973. Ndiyo inayotuhusu?

Jibu: Hiyo ni sheria ya Tanzania Bara. Jeshi la Polisi ni la Muungano, lakini usafiri wa barabara si jambo la Muungano, kwa hivyo kosa linalodaiwa kutendeka Pemba huangaliwa kwa Sheria ya Usafiri Barabarani Namba 7 ya mwaka 2003, iliyotungwa na Baraza la Wawakilishi. Muulizeni askari, kwa adabu, kifungu anachokitumia, mkiandike. Wakili ataanzia hapo.

Swali (Magomeni, Unguja): Mimi ni dereva wa daladala. Naambiwa nikikubali kosa nitalipa faini siku hiyo hiyo na mambo yatakwisha. Nifanye hivyo?

Jibu: Swali hili ndilo linalonitia hofu kuliko mengine, kwa sababu faini hulipwa ikesha, ilhali hatia hubaki. Ukikubali kosa, mahakama inaweza kukutia hatiani bila ya kusikiliza shahidi hata mmoja: askari hataulizwa alikuonaje, wala kipimo hakitahojiwa, na baadaye ukitaka kukata rufaa utakuta mlango uliobaki wazi, kwa kawaida, ni wa kulalamikia adhabu tu. Leseni nayo imo hatarini, na kwako wewe leseni ndiyo riziki ya watoto. Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984 inakuhesabu kuwa huna hatia mpaka ithibitike, na mzigo wa kuthibitisha uko juu ya upande wa mashtaka. Sisemi ukane jambo ulilolitenda. Ikiwa kweli ulilewa, na maelezo ya kosa yaliyosomwa mbele yako ni sahihi, kukubali mapema kunaweza kukupunguzia adhabu. Ninachokuomba ni kwamba usiitikie kitu kabla hujakisikia na kukifahamu chote.

Swali (Wete): Kahawa tungu na kuoga maji baridi huondoa ulevi kabla ya kupimwa?

Jibu: Haviondoi. Kazi hiyo ni ya ini, nalo halina haraka: kwa wastani huondoa takriban miligramu 15 kwa kila mililita 100 za damu kwa saa. Aliyefikia miligramu 120 saa sita za usiku bado anazo kiasi cha 30 saa kumi na mbili za asubuhi, pale anapowasha gari kuwapeleka watoto skuli.

Swali (Mwanakwerekwe): Rafiki yangu ameazima gari yangu, akalewa, akagonga mtu. Bima italipa?

Jibu: Mikataba mingi ya bima huacha nje hasara ya gari iliyoendeshwa na mlevi, na pale kampuni inapomlipa majeruhi, inaweza kugeuka kuwadai nyinyi. Usome mkataba wako leo, kisha umuone wakili kabla hujaandika maelezo yoyote.