Kabla ya Kugusa Nembo ya Mgahawa, Kapige Picha Mabango Yote

Mteja mwenye migahawa akikwambia "nataka logo mpya, hii imechoka", muulize imemchosha nani. Mara nyingi imemchosha yeye mwenyewe, anayeiona kila siku kwenye simu na makaratasi yake tangu afungue tawi la kwanza. Anayekula pale mara moja kwa wiki hajaichoka hata kidogo. Huyo bado anaitumia kujua ashuke wapi kwenye daladala.

Mimi ni msanifu wa nembo hapa Dar es Salaam, na wateja wangu wengi ni watu wa chakula: chipsi kuku, mishkaki, pilau, biriani ya Ijumaa. Wengine wana tawi moja, wengine wameshavuka Kibaha wanaelekea Morogoro. Wenye tawi moja kazi yao ni nyepesi. Kwa wenye matawi mengi sikubali kuchora chochote kabla ya kuchunguza, kwa sababu huko nembo haikai mahali pamoja, na kila ilipokaa imeshageuka kitu kingine.

Waliofuatilia sakata la Cracker Barrel mwaka 2025 wanajua ninachosema. Hii ni kampuni ya Marekani yenye migahawa zaidi ya 600, mingi ikiwa kando ya barabara kuu. Nembo yake ilikuwa na mzee aliyeketi kitini ameegemea pipa, na mzee huyo alikuwapo tangu 1977. Mwezi Agosti wakamwondoa, likabaki jina tupu juu ya rangi ya njano. Wateja wakachachamaa mitandaoni, bei ya hisa ikashuka, mpaka Rais Trump naye akatia neno. Ndani ya wiki moja hivi mzee akarudishwa kwenye pipa lake.

Ukiitazama ile nembo mpya kwa jicho la ufundi tu, haina ubaya. Inasomeka, na kwenye kioo cha simu ingekaa vizuri kuliko ya mzee. Ila ilitoka wakati ambapo kampuni ilikuwa inakarabati kumbi zake, kuta zinapakwa rangi nyepesi na vikorokoro vya kale vinapunguzwa. Mtu aliyezoea kusimama pale safarini na familia aliona ukumbi unabadilika na mzee anaondoka kwa mpigo mmoja. Hilo hulioni ukiwa umekaa ofisini na faili la nembo peke yake.

Kwa hiyo kazi yangu ya kwanza ni miguu. Nakwenda tawi kwa tawi, kama mteja, bila kujitambulisha, na napiga picha kila mahali jina la mgahawa lilipoandikwa. Bango la barabarani, bango la taa juu ya mlango, menyu ya ukutani, menyu ya mezani iliyopigwa laminesheni, fulana za wahudumu, boksi la kuku, mfuko wa khaki, stika kwenye chupa ya pilipili, boksi la nyuma ya bodaboda. Nikirudi nazimwaga picha zote kwenye ukurasa mmoja. Hapo ndipo mwenye mali anapoanza kukuna kichwa. Kijani cha tawi la Mbagala kimeelekea buluu, cha Tegeta kimepauka kikawa kama maji ya kisamvu, na kwenye fulana fundi wa kudarizi ametumia uzi aliokuwa nao siku hiyo. Sababu huwa ileile: hakuna faili la asili. Kuna picha iliyotumwa WhatsApp miaka mingi iliyopita, na kila meneja wa tawi anamtumia picha hiyohiyo fundi wake wa flex, yale mabango ya plastiki ya kuchapwa, na fundi naye anaikuza mpaka kingo zinachanika.

Mabango ya kufadhiliwa yachunguze kwa makini zaidi. Unayajua: kampuni ya soda au ya simu inakutengenezea bango bure, rangi zao, chupa yao kubwa, na jina la mgahawa wako limebanwa pembeni kama anwani ya bahasha. Niliwahi kufanyia kazi migahawa ambayo wateja wake, nilipowauliza rangi ya pale, walijibu "nyekundu" bila kusita. Nembo yenyewe ilikuwa ya kahawia. Nyekundu ilikuwa ya soda. Mwenye mali alitaka tujadili aina ya herufi. Nikamwambia kwanza aamue kama yuko tayari kuachana na mabango ya bure, maana bila hilo nembo yoyote nitakayochora itakuwa mgeni mlangoni kwake.

Halafu kuna maandishi ambayo mwenye mgahawa hayahesabu kabisa. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, hutoa jina la mlipakodi lililosajiliwa, na mara nyingi silo lililo juu ya mlango. Lipa Namba, ile namba ya kulipia kwa simu, ni hivyohivyo. Nimesimama nyuma ya kijana aliyekuwa analipia mishkaki, ameshaandika kiasi, simu ikamletea jina la mtu asiyemjua, akasita. "Dada, mbona jina siyo la hapa?" Keshia akamjibu kwa uchovu wa mtu aliyeshaulizwa swali hilo tangu asubuhi: "Ni lenyewe, tuma tu." Mteja yuko pale kaunta na pesa mkononi, na mgahawa unamtia wasiwasi. Hilo huingia kwenye ripoti yangu kabla ya habari za rangi, hata kama kulirekebisha si kazi ya msanifu.

Kuhusu kuwauliza watu maoni, mimi siamini dodoso. Ukimwonyesha Mtanzania nembo mbili ukamuuliza ipi nzuri, atakuchagulia ile anayohisi umeichora wewe, kwa heshima tu. Badala yake nampa kalamu na kipande cha karatasi, namwomba anichoree alama ya mgahawa bila kuangalia bango. Waulize bodaboda wa kijiweni, mama wa duka la jirani, mlinzi. Wengi watacheka, watasema hawajui kuchora, kisha watachora. Wanachokiacha hakina uzito. Wanachokiweka wote, hata kwa mistari iliyopinda, usikiguse bila sababu nzito. Kwenye kazi moja karibu kila mtu alichora pembe za ng'ombe, na hakuna aliyekumbuka duara, nyota wala mwaka wa kuanzishwa vilivyozizunguka. Nembo mpya ikawa pembe na jina, basi.

Wakati mwingine watakuchorea kitu ambacho hakimo kabisa kwenye nembo: paa, nguzo, taa. Usidharau. Matao ya McDonald's yalianza kama sehemu ya jengo mwaka 1953, yaliyochorwa na msanifu majengo Stanley Meston, kabla ya kugeuzwa kuwa herufi M miaka ya 1960. Pizza Hut waliistaafisha nembo yao ya paa jekundu mwaka 1999, wakahangaika na nyingine, na mwaka 2019 wakairudisha Marekani.

Mwombe pia mwenye mali akupe picha za zamani, hasa za tawi la kwanza. Burger King walipobadilisha sura mwaka 2021, kampuni ya usanifu ya Jones Knowles Ritchie iliirudia nembo ya mwaka 1969, jina likiwa katikati ya vipande viwili vya mkate, na mkia wa buluu ulioongezwa 1999 ukatupwa. Nando's wao walikwenda kwa fundi wa mabango wa Afrika Kusini, Marks Salimu, na herufi zao zikatokana na mkono wake. Sisi mafundi wa namna hiyo tunao. Kabla flex haijaenea, migahawa mingi ya mjini ilichorwa kwa brashi, na baadhi ya herufi zile zina nguvu ambayo huwezi kuipata kwenye fonti ya kupakua bure. Ukikuta bango kama hilo limegeuzwa ukuta wa stoo, lipige picha kwa umakini.

La sheria nalipitia haraka, ila halikosekani. Wengi wanadhani wakishasajili jina la biashara BRELA, wakala wa usajili wa biashara, basi nembo nayo imelindwa. Sivyo; alama ya biashara au huduma husajiliwa kivyake, na huduma za chakula ziko daraja la 43 kwenye orodha ya makundi ya alama. Usajili Tanzania Bara ni wa miaka 7 ya kwanza, kisha unahuishwa kwa miaka 10. Zanzibar wana ofisi yao, BPRA, kwa hiyo mwenye tawi Forodhani aombe kule pia. Ikiwa nembo ya zamani imesajiliwa, mweleze mteja mapema kwamba ukiibadilisha sana atalazimika kuomba upya.

Sasa bei. Uchunguzi nautoza peke yake, nusu ikilipwa kabla sijatoka nyumbani, na siuchanganyi na bei ya kuchora, kwa sababu majibu yake yanaweza kuwa "usibadilishe kitu". Mteja anapata picha zote zikiwa zimepangwa kwa tawi, michoro ya watu, na orodha ya kila kitu kitakachochapwa upya pamoja na makadirio ya gharama kutoka kwa fundi wa mabango. Orodha hiyo ndiyo huwa inawapunguzia wengi hamu. Anayesema hana fedha ya uchunguzi simfukuzi. Namsafishia nembo aliyonayo, namtengenezea faili la vekta, lisilochanika kingo hata likikuzwa, namwandikia namba za rangi kwenye karatasi moja, na ninasisitiza karatasi hiyo ibandikwe ofisini kwa kila meneja wa tawi, siyo ibaki kwenye simu yake.