Neno "run" si kukimbia peke yake

Ndugu muulizaji, nimekuelewa: ulikariri kwamba "run" ni kukimbia, kisha ukakutana na "run a company" na "run out of time", ukahisi umepotea. Hukukosea kukariri, neno lenyewe ni pana mno, na Kamusi ya Kiingereza ya Oxford imeorodhesha maana 645 za kitenzi hicho pekee.

Mimi nilinufaika nilipoacha kukariri neno likiwa peke yake, nikaanza kuandika daftarini fungu zima la maneno, kwa sababu maana ya "run" hubadilika kulingana na mtenda na mtendwa: kampuni huendeshwa, pua hutiririka, mkataba hudumu, na "run out of" ni kuishiwa. Mbona "piga" yetu haikutatizi, ingawa tunapiga simu, pasi, picha na magoti? Uliizoea ikiwa na wenzake.

Jihadhari zaidi na mikataba, maana "runs until" huonyesha kwamba mkataba unaendelea kutumika hadi siku iliyotajwa, ilhali "runs out" ni kumalizika kwa muda wake. Kabla ya kutia sahihi, mpe mfasiri aliyebobea katika lugha ya sheria ausome.